Neno la Mwandishi, Mkono wa Mhariri: Suala la Tafsiri na Ushahidi katika Filamu ya Reds

1.0 Utangulizi

Filamu ya Reds (yaani "Wekundu"), iliyoongozwa na Warren Beatty na kutolewa nchini Marekani mwezi Desemba 1981, imezoeleka kuzungumzwa kama hadithi ya mapenzi iliyopandikizwa ndani ya mapinduzi. Mtazamo huo hauna makosa makubwa. Kwa muda wa zaidi ya saa tatu hadhira inafuatana na John Reed, mwandishi wa habari mzaliwa wa Portland, Oregon, na Louise Bryant, mwandishi mwenzake ambaye baadaye alikuwa mkewe, tangu walipokutana hadi Reed alipofariki mjini Moscow mwezi Oktoba 1920. Wanapendana, wanagombana, wanaachana, wanatafutana. Anayeisifu filamu husema kuwa mapenzi yameipa siasa damu na nyama. Anayeilaumu husema kuwa mapenzi yameimeza siasa.

Makala haya yanashika njia nyingine. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mgogoro mkuu wa filamu hii ni mgogoro juu ya neno: ni nani mwenye haki ya kulibadili neno la mwandishi, kwa lugha gani, na kwa idhini ya nani? Swali hilo linaulizwa mapema katika ofisi ya mhariri, linarudi kwa kishindo katika mkutano wa Baku, na linapogeuzwa na kuelekezwa kwa filamu yenyewe linamkuta mwongozaji naye akiwa na kalamu ya wino mwekundu mkononi. Kwa wanafunzi wa taaluma ya tafsiri na wa fasihi simulizi, ambao kila siku hushughulika na maneno ya watu wengine, filamu hii ina mambo ambayo hayajachunguzwa vya kutosha.

2.0 Reed na safari ya maneno yake

Reed alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1887 katika familia yenye uwezo, akahitimu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1910, kisha akahamia New York. Huko aliandikia jarida la The Masses, lililokuwa jukwaa la wasoshalisti na wasanii. Mwaka 1913 aliushuhudia mgomo wa wafanyakazi wa viwanda vya hariri mjini Paterson, New Jersey, akafungwa gerezani kwa siku chache. Mwaka huohuo alikwenda Mexico akaambatana na majeshi ya Pancho Villa, na kitabu chake kuhusu vita hivyo, Insurgent Mexico, kilitolewa mwaka 1914. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza Ulaya, aliandika katika The Masses kwamba hivyo vilikuwa vita vya wafanyabiashara.

Filamu imeibana historia hiyo yote ndani ya tendo moja. Katika karamu ya wastaarabu wa Portland, Reed anatakiwa aeleze vita vya Ulaya vinapiganiwa nini. Anasimama, anatamka neno moja tu ambalo kwa Kiswahili ni "faida", kisha anaketi. Watu wanabaki wakitazamana. Tendo hili husifiwa kwa ucheshi wake, lakini lina kazi kubwa zaidi ya kuchekesha. Linatuonyesha Reed ni mwotaji wa namna gani. Njozi yake ni ya mwandishi wa habari: anaamini kuwa neno lililo sahihi, likitamkwa bila mapambo na mtu asiyeogopa, linatosha. Chama, kamati na maazimio vinakuja baadaye sana katika maisha yake, na vinapokuja vinamkuta na imani hiyo. Yote yatakayomsibu katika sehemu ya pili ya filamu yanaanzia hapa.

Ikumbukwe pia kwamba Beatty, aliyeandika mswada pamoja na mtunzi wa tamthilia wa Kiingereza Trevor Griffiths, hakulibuni tatizo hili. Maisha halisi ya Reed ni historia ndefu ya maneno yaliyoshikwa na mikono ya wengine. Aliporejea Marekani mwaka 1918 akiwa na shehena ya karatasi alizozikusanya Petrograd, serikali ilizinyang'anya na kuzizuia kwa miezi mingi. Mwaka huohuo wahariri wa The Masses walishtakiwa mara mbili, Reed mwenyewe akisimama kizimbani katika kesi ya pili, na mara zote mbili wazee wa baraza walishindwa kuafikiana. Alipozipata karatasi zake alijifungia akaandika, na mwaka 1919 kikatoka Ten Days That Shook the World, kitabu kuhusu siku za Mapinduzi ya Oktoba. Lenin alikiandikia dibaji ya kukisifu. Miaka michache baadaye, mwezi Novemba 1924, Stalin alikishambulia hadharani. Sababu haifichiki: jina la Trotsky limejaa katika kurasa zake na la Stalin ni la kutafuta. Kitabu kikatoweka katika Urusi ya Kisovieti kwa miongo kadhaa. Filamu ya Sergei Eisenstein, Oktoba (1928), ilisambazwa katika nchi za nje kwa jina la kitabu hicho, nayo pia ilikuwa imelazimika kukatwa sehemu zilizomwonyesha Trotsky. Neno la Reed, basi, lilipita mikononi mwa mkaguzi wa bandarini, mwendesha mashtaka, mchapishaji na katibu wa chama kabla halijafika kwa Beatty.

3.0 Mkalimani wa Baku

Mwezi Septemba 1920 Shirika la Kikomunisti la Kimataifa liliitisha mjini Baku Mkutano wa Watu wa Mashariki. Wajumbe karibu 1,900 walihudhuria, wengi wao kutoka Kaukasi, Asia ya Kati, Uturuki na Uajemi, na wengi wao Waislamu. Reed alikuwapo, naye Grigory Zinoviev, mwenyekiti wa Shirika, ndiye aliyeuongoza mkutano.

Katika filamu, Reed anauhutubia umati huo kwa Kiingereza. Kila sentensi yake inachukuliwa na wakalimani kadhaa na kupokezwa kwa lugha mbalimbali. Umati unalipuka kwa shangwe, silaha zinainuliwa juu. Ni tendo lililopangwa kwa ustadi, maana mtazamaji anawekwa mahali palepale alipo Reed: anasikia alichosema msemaji na anaona walivyopokea wasikilizaji, lakini kilichopita katikati hakijui. Baadaye, ndani ya garimoshi la kurudi Moscow, inadhihirika kwamba pale Reed aliposema vita vya kitabaka, umati ulisikia vita vitakatifu. Zinoviev, anayeigizwa na mwandishi wa riwaya Jerzy Kosiński, anakiri bila kuona haya kwamba aliruhusu kurekebisha kifungu kimoja au viwili. Hasira ya Reed inachemka. Anamkataza Zinoviev kuyaandika upya maandishi yake, kwa maneno karibu yaleyale aliyowahi kumwambia mhariri wa New York mwanzoni mwa filamu, na anasema kwamba kuua tofauti za mawazo ni kuyaua mapinduzi. Kabla hajamaliza, mzinga unalipiga garimoshi.

Mwangwi huo baina ya New York na garimoshi ni uti wa mgongo wa filamu nzima. Mhariri wa kibepari alikuwa akikata maneno kwa ajili ya soko; katibu wa mapinduzi anayabadili kwa ajili ya ushindi. Reed anatambua, kwa uchungu ambao Beatty anauigiza bila makeke, kwamba amevuka bahari mbili na kukuta mkono uleule.

Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili hawezi kuliacha tendo hili hapo filamu inapoliacha. Filamu inachukulia kuwa "vita vitakatifu" ni uzushi mtupu, tusi kwa mtu asiye na dini. Lakini je, mkalimani angefanya nini? "Vita vya kitabaka" ni istilahi iliyozaliwa katika viwanda vya Ulaya Magharibi. Kwa mkulima wa Bukhara isingekuwa na makao tayari, ilhali jihadi lilikuwa neno lenye historia ya wajibu, ya kujitoa na ya kumkabili mdhalimu. Kila aliyewahi kufasiri maandishi ya siasa anaijua njia panda hiyo. Lugha yetu imeipita mara nyingi. Neno "tabaka" lenyewe tumelitoa katika Kiarabu. "Bepari" lilikuja kutoka Kigujarati likiwa na maana ya mfanyabiashara kabla halijabebeshwa uzito wa nadharia ya Marx. Na "ujamaa", lililotangazwa kuwa msingi wa siasa ya nchi katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, liliteuliwa makusudi kwa kuwa linanusa udugu na ukoo, mambo ambayo neno la Kizungu halinayo. Mwaka 1969 Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, aliiita Mabepari wa Venisi. Mmoja akawa wengi, na mfanyabiashara akawa bepari, miaka miwili tu baada ya Azimio. Hakuna atakayesema kwamba mfasiri huyo hakujua alichokifanya.

Basi tofauti kati ya Nyerere na Zinoviev wa filamu iko wapi? Wote wawili wamebadili neno kwa shabaha ya kisiasa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, tofauti iko katika sahihi. Jina la mfasiri wa Mabepari wa Venisi limechapwa juu ya jalada, na matini chasili ipo madukani kwa yeyote anayetaka kulinganisha. Mkalimani wa Baku katika filamu anazungumza kwa jina la Reed, mbele ya watu wasiojua Kiingereza, huku Reed akiwa hajui lugha yao. Wala msemaji wala msikilizaji hana njia ya kugundua. Kosa, kwa hiyo, si kuteua neno jihadi, kwani neno hilo lingeweza kutetewa kwa hoja. Kosa ni kuuficha mkono ulioliteua.

Kigezo hicho kikishakubaliwa, kinaleta tatizo ambalo waliolisifu tendo hili hawakulitaja. Kumbukumbu zilizochapishwa za mkutano wa Baku zinaonyesha kwamba wito wa vita vitakatifu, dhidi ya ubeberu wa Waingereza hasa, ulitolewa na Zinoviev mwenyewe, kwa kinywa chake, katika hotuba yake ya ufunguzi. Wajumbe walishangilia na kuinua silaha kama tunavyoonyeshwa. Filamu imeuchukua wito huo na kuuhamishia katika tafsiri ya hotuba ya Reed ili ipate tendo la usaliti. Kwa lugha nyingine, Beatty amefanya kwa Zinoviev kile anachomlaumu Zinoviev kwa kumfanyia Reed, naye pia hakuweka sahihi: hakuna chochote katika filamu kinachomdokezea mtazamaji kuwa jambo hili limebuniwa. Mtetezi anaweza kujibu kuwa msanii ana leseni yake. Anayo, wala hatuna nia ya kumnyang'anya. Lakini filamu ambayo kiini chake ni haramu ya kuandika upya maneno ya mtu haiwezi kudai leseni hiyo kwa urahisi kama filamu nyingine.

4.0 Mashahidi wasio na majina

Katika jambo moja, lakini, Beatty ameuonyesha mkono wake, na ndilo lililoipa filamu hii nafasi ya pekee. Hadithi inakatizwa mara kwa mara na wazee halisi, 32 kwa jumla, waliomfahamu Reed na Bryant au walioishi katika mazingira yao. Wamepigwa picha mbele ya pazia jeusi, vichwa na mabega tu, wakikumbuka. Vittorio Storaro, aliyepata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wa filamu hii, amewamulika kwa upole. Makunyanzi yao yanasomeka kama maandishi.

Kinachoshangaza ni namna wanavyoanza. Filamu za kihistoria hupenda kufungua kwa sauti ya uhakika inayotaja mwaka na mahali. Hii inafungua kwa sauti ya mzee asiyekumbuka kama jambo lilikuwa la mwaka 1913 au 1917, na anayekiri kwamba anaanza kuwasahau watu aliowajua. Wanaofuata wanapingana. Kwa mmoja Reed ni shujaa. Kwa mwingine ni mtoto wa matajiri aliyekuwa akicheza. Mwandishi Henry Miller anatilia shaka nia ya mtu yeyote anayejitwika matatizo ya dunia nzima, akidokeza kuwa huenda anakimbia ya kwake. Wengine wanakumbuka nyimbo kuliko hoja, na wanaziimba. Huu ndio ushahidi wa mdomo kama mtafiti yeyote wa fasihi simulizi anavyoujua uwandani: umepasuka, una majivuno, una wivu wa miaka 60 iliyopita, na katikati ya hayo unatokea ukweli usioweza kupatikana katika nyaraka.

Mtafiti huyohuyo atashtuka kuona kwamba majina ya mashahidi hayaandikwi chini ya nyuso zao. Tangu Jan Vansina alipotoa kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo mwaka 1961, akitumia uzoefu wake wa Kongo na Rwanda, imekuwa kanuni kwamba ushahidi haupimiki bila kumjua shahidi: ni nani, ana umri gani, alikuwa wapi, ana maslahi gani. Beatty ameiacha kanuni hiyo. Matokeo yake ni ya pande mbili. Kwa upande mmoja mashahidi wanakuwa sawa, kama kiitikio katika utendi. Mbunge hana uzito kuliko mchoraji, na mtazamaji analazimika kusikiliza badala ya kuheshimu vyeo. Kwa upande mwingine ananyimwa mizani. Hataambiwa kwamba mzee mmoja anayewasema vibaya wakomunisti ni Hamilton Fish, aliyeongoza mwaka 1930 kamati ya bunge la Marekani ya kuwachunguza wakomunisti haohao. Wala kwamba mwingine ni Oleg Kerensky, mwana wa waziri mkuu aliyepinduliwa na mapinduzi tunayoyatazama. Wala kwamba Roger Baldwin alikuwa mmoja wa waasisi, mwaka 1920, wa chama cha kutetea uhuru wa raia. Aidha maswali waliyoulizwa yamekatwa. Tunapata majibu tu, yakiwa yameshonwa juu ya picha ambazo wazee hao hawakuziona walipokuwa wakisema.

Je, huku si kuandika upya maneno ya watu? Ni kuandika upya, bila shaka. Lakini mshono unaonekana. Pazia jeusi linapotokea, mtazamaji anajua ametoka katika mchezo na kuingia katika kumbukumbu, na anajua kwamba kumbukumbu hizo hazikubaliani na mchezo wala zenyewe kwa zenyewe. Filamu imewaacha ndani watu wanaoipinga. Hilo halikufanyika Baku. Laiti namna hii ingetumiwa katika tendo la garimoshi pia, kwa shahidi mmoja tu wa kusema kwamba mambo hayakuwa hivyo, filamu ingepata nguvu zaidi. Baadhi ya mashahidi hawakuwahi kuiona kazi yenyewe. Miller alifariki mwezi Juni 1980.

5.0 Neno la Bryant

Imebaki kumzungumzia mwandishi wa pili, ambaye filamu inamtendea kwa namna isiyo na msimamo. Mwanzoni Louise Bryant, anayeigizwa na Diane Keaton, anaonyeshwa akihangaika kupata sauti. Reed anamdhihaki kwa kuandika kuhusu maonyesho ya sanaa yaliyopita miaka mitatu nyuma, na marafiki wa New York wanamwuliza anafanya kazi gani kana kwamba jibu wanalo. Petrograd inambadili. Hapo wawili hao wanafanya kazi kama wenzi sawa, meza moja, kila mmoja akiipitia kazi ya mwenzake. Huu ndio uhariri pekee katika filamu nzima usiokuwa na hila ndani yake, na kwa hakika ndiyo picha nzuri kuliko zote za mapenzi yao. Kitabu chake, Six Red Months in Russia, kilitoka mwaka 1918, kabla ya kile cha Reed. Mwezi Februari 1919 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti, akayajibu maswali ya kejeli kwa ukali unaostahili, na filamu imelihifadhi tendo hilo.

Kisha, katika saa ya mwisho, mwandishi huyu anageuzwa kuwa mke anayetafuta. Anaposikia kwamba Reed amefungwa Finland, anavuka nyika za theluji kwa miguu ili amwokoe. Theluji ni nyeupe, muziki unapanda, na hakuna lolote lililo kweli. Reed alikuwa gerezani Finland kuanzia Machi hadi Juni 1920, akitoka na kiseyeye. Bryant aliondoka Marekani baada ya mumewe kuwa huru. Alipitia Skandinavia kwa siri na kuingia Urusi kwa upande wa kaskazini, akaonana na Reed mjini Moscow mwezi Septemba aliporudi kutoka Baku. Walipata wiki chache tu. Reed alifariki kwa homa ya tifasi inayoenezwa na chawa, kabla hajatimiza miaka 33, akazikwa kando ya ukuta wa Kremlin.

Udhaifu wa safari hii ya kubuni ni kwamba inakuja mara tu baada ya filamu kuuliza swali gumu kuliko yote. Emma Goldman, mwanaharakati aliyefukuzwa Marekani mwaka 1919 na anayeigizwa na Maureen Stapleton kwa ustadi uliompatia tuzo, anamwambia Reed kwamba mapinduzi wanayoyaona si yale waliyoyaota. Reed anamjibu kwa kutaja vita, njaa na vikwazo. Mjadala wao ni wa haki kwa pande zote mbili, na hadhira inasubiri uendelee. Badala yake inapewa theluji.

Tena Bryant halisi alikuwa na jibu lake, au walau taarifa zake. Hakwenda Moscow kama mke peke yake. Alikwenda kama mwandishi wa shirika la habari la Hearst, na baada ya kumzika Reed alibaki akifanya kazi, akiwahoji viongozi wa Kisovieti. Mwaka 1923 alitoa Mirrors of Moscow, mkusanyiko wa picha za watu hao, Lenin na Zinoviev wakiwamo. Kitabu hicho hakitajwi katika filamu. Kamera inamwacha kando ya kitanda cha maiti, na wanaosema maneno ya mwisho ni wazee mbele ya pazia jeusi.